Harufu ya Chane Iliyotangulia

Baada ya arobaini ya Mama nilirudi Kihonda na mkungu wa ndizi ambao sikuuomba. Ndugu zetu wa Kinole hawamwachi mtu ashuke mlima mikono mitupu, hata kama mtu mwenyewe magoti yake yamekwisha kumgomea. Nikaukata chane chane, nikazitia kwenye kiroba, nikakisukumia chini ya meza ya jikoni, nikaenda kulala. Uchovu wa msiba haufanani na wa jembe. Wa jembe ukilala unapungua. Nililala, nikaamka, nikafagia, nikalala tena, na ndizi nikazisahau.

Ni harufu iliyonikumbusha. Niliingia jikoni kuchemsha maji nikaikuta imeenea hadi kwenye vyombo, ile harufu tamu na nzito ya ndizi iliyoamua kuiva na haitaki tena kusubiri. Binti yangu alisema jikoni pananuka, afadhali kiroba kitolewe nje. Nikamwambia akiache. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na kiroba changu kama mwehu, na machozi ambayo hayakutoka makaburini wala kwenye hitima yakatoka pale, maji yakichemka bila mtu wa kuyaepua.

Wenzangu wa rika langu, mliopanga foleni ya sabuni mkiwa bado hamfikii meza ya muuzaji, mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu tuliunusa zaidi kuliko tulivyouona. Mimi wangu ulinuka ndizi. Wakati ule nyumba za kijiji chetu zilikuwa zimesogezwa pamoja kando ya barabara, kama ilivyoagizwa, na kila mwenye migomba alipeleka sehemu ya ndizi zake kwenye ghala la kijiji kungoja lori la kwenda Dar es Salaam. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa, tukimwona sikukuu hadi sikukuu. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliopangiwa kazi ghalani, na kazi yake ilikuwa kunusa.

Sitanii. Ndizi za lori zilitakiwa zifike Dar zikiwa mbichi na ngumu. Lori lenyewe lilikuja lilipotaka. Mvua ikinyesha barabara imekatika, isiponyesha dizeli hakuna. Katika kungoja huko, ikitokea chane moja iliyochubuka au iliyotobolewa na mdudu ikaanza kuiva katikati ya rundo, basi zilizo jirani nayo zinaanza, na jirani za hizo nazo zinaanza, na lori likija kufika linakuta rundo zima limelainika. Kwa hiyo kila asubuhi Mama aliingia ghalani kabla jua halijapasha bati. Alipita taratibu kati ya marundo, pua mbele, midomo imefumbwa. Akisimama, ujue ameipata. Anafukua, anaitoa chane iliyotangulia, anaipeleka nje, mbali kabisa, upande unakoelekea upepo. Wenzake walizoea kusema samaki mmoja akioza wote wameoza. Mama hakuupenda usemi huo. Alisema ndizi hiyo haijaoza, imeiva tu, na hizo nyingine hazikuambukizwa ugonjwa, zimepata habari.

Nyumbani alifanya kinyume chake. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na shimo la kuvundikia. Alilitandika majani makavu ya mgomba, akapanga ndizi mbichi, akafukiza moshi kidogo, kisha katikati akaweka moja iliyokwisha kuiva, au pera lililoiva, akafunika kwa majani na udongo. Tulipofukua baada ya siku chache, zilizoingia kijani zilitoka njano, laini, tamu hadi meno yanauma. Nilimuuliza zimejuaje kwamba wakati umefika. Akasema ile moja imeziambia. Nikamuuliza imeziambia kwa mdomo gani.

"Kwa harufu," Mama alisema. "Ndizi haina masikio, mwanangu. Inasikia kwa ngozi."

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wa baiolojia alituandikia ubaoni jina la hewa hiyo: ethilini. Akaeleza kwamba tunda likianza kuiva huitoa, na tunda la jirani likiihisi nalo huanza kuiva na kuitoa lenyewe, ndiyo maana mambo yakishaanza hayazuiliki. Na kwamba moshi nao una kiasi chake cha hewa hiyo. Nilinakili kila neno na jaribio nikafaulu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulijaribu somo hilo kwa binadamu, nikiwa darasa la tatu.

Dada yangu Zena alivunja ungo mwaka aliokuwa darasa la saba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye ukoo wa mama msemaji ni mjomba. Mjomba wetu, kaka mkubwa wa Mama, alikuja na Bibi, wakakaa uani na Mama wakazungumza, na siku ile ile Zena akawekwa ndani. Alipewa chumba cha mwisho, dirisha likazibwa kwa matambara na udongo. Mwali haonwi na wanaume, hapigwi na jua, hapazi sauti. Angeoga ndani, angekula ndani, angepakwa mafuta ya nyonyo na kufundwa na Bibi, mpaka ukoo ujikusanye kumchezea ngoma na kumtoa. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yamekatika. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwishoni mwa kiangazi, na hakuna aliyesema ngoma itakuwa lini.

Zena alikuwa hodari wa darasa lake, hasa kwa hesabu. Mwalimu mkuu, mtu wa kuja asiye na ukoo wowote milimani kwetu, aliwahi kusema mbele ya wazazi kwamba kama kuna mtoto mmoja wa shule ile anayeweza kuchaguliwa kwenda sekondari, ni huyo. Alipoona hayupo alikuja nyumbani kuuliza. Mama akamjibu kwamba mtoto anaumwa. Mwalimu akalitazama dirisha lililozibwa, akasema pole, akaaga. Nilipoingia na uji nilimkuta Zena amesimama, sikio ameliegemeza ukutani, akisikiliza viatu vya mwalimu vikiondoka.

Mimi ndiye niliyempelekea chakula, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona akibadilika. Ngozi yake iliyokuwa nyeusi ya jua la shamba ikaanza kung'aa na kuwa maji ya kunde. Mashavu yakajaa, viganja vilivyokuwa na sugu vikawa laini. Na hapo mtoto wa Mama mnusaji nikaunganisha mambo yangu. Amewekwa gizani. Amezibwa kwa udongo. Aliingia mgumu na sasa analainika na kugeuka rangi. Basi, nikajisemea, wanamvundika. Wala sikuogopa, niliona ni jambo la kawaida ambalo wakubwa wanalijua. Nilichoona ni kosa ni kumweka peke yake. Walikuwa wamesahau kumwekea kilichoiva, na kwa mwendo ule mtihani ungempita.

Kuanzia hapo nikawa mwizi wa matunda. Nilipeleka mapera, ndizi za kutoka shimoni, na mara moja kipande cha fenesi nilichokifunga kwenye jani na kukipitisha mbele ya Bibi nikiwa nimekificha kwapani, utomvu ukininata hadi kiunoni. Vyote nilivisukuma uvunguni mwa kitanda chake cha kamba, upande wa ukutani, nikamwonya asivile. Zena alivila vingine, maana mwali hupewa ugali mwingi na utamu mchache. Vingine aliviacha. Siku moja akaniuliza hasa natafuta nini. Nikamweleza yote kwa kunong'ona: shimo, harufu, ndizi moja inavyoziambia nyingine, na mtihani unavyokaribia. Nilitegemea atanicheka, maana alikuwa na ulimi mkali yule dada. Hakucheka. Alinishika kisogo kwa mkono wake wenye mafuta.

"Basi leta mengi," akasema.

Nikaleta mengi. Harufu ikakolea hata mimi mwenyewe ikawa inanipa kichefuchefu, na sisimizi wakachora njia kutoka mlangoni hadi uvunguni. Ni hao sisimizi waliotusaliti. Bibi aliwafuata kwa macho, akapiga magoti, akaanza kutoa mabaki moja moja na kuyapanga sakafuni. Alipomaliza aliketi akayatazama, na uso wake ulinitisha. Kwa mtu mzima, mwali anayeletewa matunda kwa siri ana maana moja tu: kuna kijana. Mjomba akaitwa. Mama akaitwa kutoka ghalani. Zena akaulizwa ni mtoto wa nani anayepita nyuma ya nyumba, na mwali hapazi sauti, basi akainama tu, akilia bila sauti.

Nikasema ni mimi. Nikaulizwa kwa nini, nikasema nilikuwa nasaidia kumvundika, maana wao hawakuweka kilichoiva. Ilichukua muda wakubwa kuelewa. Kisha Bibi akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, hadi ikabidi aletewe maji. Mjomba naye akacheka, cheko la puani, la mtu aliyeondokewa na hofu. Kwa miaka mingi kisa hicho kilisimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo wetu, na kila mara watu walishika mbavu, na mimi nilicheka nao kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama mlangoni, khanga yake ina madoa meusi ya utomvu.

"Ulitaka aive upesi ili iweje?" akaniuliza.

"Ili awahi mtihani."

Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Zena. Sijawahi kumwona mtu amechoka vile akiwa bado wima. Akanituma nje nikateke maji, lakini sikufika mbali. Nilisikia akimwambia Mjomba kwamba anamtaka mtoto wake atoke akafanye mtihani. Mjomba akasema mwacha mila ni mtumwa. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyesema maneno mengi mwaka ule na hakuna aliyemsikiliza. Lazima niseme kwamba hakuwa mtu mbaya. Walikuwa wamemshusha kutoka kwenye mteremko wenye makaburi ya wazee wake ili ajenge kando ya barabara, na migomba aliyoirithi alikuwa akiifuata kwa mwendo wa asubuhi nzima. Alimuuliza Mama: wametutoa mlimani, sasa watutolee na mwali wetu? Nikiwa mtoto nilimchukia kwa hilo. Sasa nina umri wake, na sina nguvu ya kumchukia mtu aliyeachiwa kitu kimoja akakishikilia.

Mama akamjibu maneno ambayo sijayasahau. "Kaka, kutwa nzima nazuia ndizi za watu zisiive kabla ya safari yao. Wa kwangu nimekaa namtazama."

Mwishowe ni Bibi aliyesuluhisha, Bibi yule yule aliyecheka. Alisema mwali ataenda amefunikwa, asionwe na mwanamume njiani, na mtihani ukiisha arudi ndani kama alivyotoka, ngoma ichezwe kwa wakati wake. Mjomba hakusema ndiyo. Alichukua fimbo yake akaondoka, na kwetu hiyo inatosha.

Asubuhi ya mtihani Mama alimfunika Zena khanga mbili kuanzia utosini, akamshika mkono, mimi nikatangulia kuchungulia njia. Tulipita nyuma ya ghala, tukakatiza kando ya shamba la kijiji ambako watu walikuwa tayari wanalima. Nilipiga kelele kwamba anapita mwali. Wanaume wakaacha majembe, wakageuka wote kutupa migongo, wakasimama hivyo hadi tulipopita. Nilijiona mkubwa siku ile. Nilijua nimefanikiwa: dada yangu amefukuliwa kwa wakati, na harufu ya matunda yangu ndiyo iliyofanya kazi.

Shuleni mwalimu mkuu alikuwa amemwandalia dawati la nyuma kabisa, peke yake, mbali na wavulana. Mama alimfunua khanga mlangoni, akamsukuma kidogo begani aingie. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya kwa ajili ya wageni wa mtihani. Mimi na Mama tulikaa nje chini ya ukingo wa bati tukingoja, na Mama, ambaye kwa kawaida hakukaa bila kazi, alikaa bila kazi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya hesabu.

Alipotoka, karatasi zote zimekwisha, macho yake yalikuwa mekundu na mashavu yameloa. Nilidhani ni furaha. Mama alimfunika haraka, tukarudi kwa njia ile ile, na wanaume wakageuka tena. Nyumbani Zena hakungoja kuambiwa. Aliingia mwenyewe chumbani, akavuta mlango. Nilimfuata na bakuli la uji, nikamuuliza kama amefaulu.

"Karatasi ya hesabu ilikuwa nyeupe mno," akasema. "Nilikuwa naona mwanga mtupu, na macho yanatoka maji. Maandishi yalipoanza kuja, wakatuambia tuweke kalamu chini."

Nilimwambia huenda matunda yalikuwa machache. Akasema huenda.

Jina lake halikutoka. Hakuna mtu aliyemlaumu wala aliyelaumiwa. Hakukuwa na jina la mtoto yeyote wa shule yetu mwaka ule, na watu walisema ndivyo mambo yalivyo. Ngoma ilichezwa baada ya mavuno, ngoma nzuri, nilikula wali hadi nikasinzia. Zena alitolewa amependeza kiasi kwamba wageni walinyamaza. Hata mwaka haujapita akaolewa na fundi mwashi wa Kihonda, mtu mpole asiye na neno, akashuka mlima na sanduku lake. Mimi sisemi kwamba mila ile ilikuwa mbaya. Bibi alimfundisha mule ndani mambo ambayo yamemshikilia katika ndoa, katika uzazi na katika misiba, na nyimbo alizozijua mule hakuna shule inayozifundisha. Ila inaniuma. Nimejaribu kuizoea miaka yote hii, na bado inaniuma, kwamba macho yake yalihitaji muda mfupi tu wa kuzoea mwanga na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo, hata Mama, aliyezoea kufikiria kila kitu.

Nadhani Mama alilifikiria baadaye, kwa muda mrefu, akipita kati ya marundo yake ya ndizi. Nasema nadhani kwa sababu hakuwahi kulizungumza.

Mimi nilikuwa darasa la sita yaliponifika yaliyomfika Zena. Nilikuwa nyuma ya jiko nikifua, mapema, nikidhani nimejificha. Mama alipita akielekea ghalani, akasimama vile alivyokuwa akisimama akiwa ameipata chane. Hakuniuliza kitu. Alininyang'anya nguo, akaisuuza yeye mwenyewe, akamwaga maji mbali, na Bibi alipotoka kutuuliza tunafanya nini akamwambia kwamba Zena ameleta habari, mtoto wa pili anamsumbua, anaomba mtu wa kumsaidia kulea. Bibi akasema kulea ni jambo jema. Mjomba alipopelekewa habari akasema huyu mdogo naye asikae huko sana, maana siku zake haziko mbali. Mama akaitikia, "Haziko mbali, Kaka."

Lori lilikuwepo siku hiyo, kwa bahati au kwa dua. Mama alinipandisha juu ya ndizi mbichi alizozikagua mwenyewe, akanipa furushi la nguo na vitabu vyangu vya shule, akazungumza kidogo na dereva. Kisha akasogea karibu na ubao wa lori, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukiulizwa, umekwenda kulea. Usimwambie mtu yeyote, hata mwenzako wa dawati, mpaka umalize la saba." Nikasema sawa Mama. Alisimama pale barabarani lori lilipoondoka, mkono puani kwa sababu ya vumbi, na hakupunga.

Niliteremka Mikese kwenye barabara kuu, na shemeji yangu, aliyekuwa anajenga hapo, akanipeleka Kihonda, ambako wakati ule kulikuwa na vichaka na nyumba za kuhesabu. Zena alitoka mlangoni na mtoto mgongoni. Alinitazama usoni, akatazama furushi, akaelewa. Nilianza kumwambia nimekuja kulea, akaniambia nisidanganye, kulea analea mwenyewe, na kesho shemeji atanipeleka shule ya huko kuandikishwa. Kisha akawahamisha wanawe kutoka chumba cha mbele, akanitandikia mkeka chini ya dirisha, akalifungua dirisha lote, akaniambia nitoe vitabu.